"Huenda" Kizimbani: Kufasiri Uwezekano na Madai Yasiyo na Hakika katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Kila aliyepitia somo la tafsiri katika mwaka wa kwanza anaikumbuka orodha ile: "may" ni "huenda", "can" ni "kuweza", "must" ni "lazima", "could" ni "-ngeweza". Ni orodha inayokaririka kwa urahisi, na kwa hakika huo urahisi wake ndio unaoponza. Makala haya yananuia kuangazia namna sentensi za Kiingereza zinavyoeleza uwezekano na madai ya tahadhari, namna Kiswahili kinavyoifanya kazi iyo hiyo kwa nyenzo tofauti, na kile kinachopotea njiani baina ya lugha hizi mbili. Mifano yetu tumeiweka Nyeri na katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru. Zaidi ya yote tumeiweka mahakamani, kwa kuwa huko neno dogo la shaka likidondoka, kuna mtu anayelipia.

Kwa nini mahakama

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya inaeleza kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, ilhali lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inazitaja lugha hizi mbili kuwa lugha rasmi, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Hayo ni ya kwenye karatasi. Katika mahakama za Karatina, Othaya au Mukurwe-ini, hali ya kawaida ni shahidi kusema Kiswahili au Gĩkũyũ, karani wa mahakama kufasiri, na hakimu kuandika kwa Kiingereza. Mambo yakiishia hapo, hasara si kubwa, maana hakimu amemwona shahidi na kumsikia akisitasita. Lakini mshtakiwa akikata rufaa, kesi hupanda hadi Mahakama Kuu ya Nyeri, na pengine hadi Mahakama ya Rufani ambayo nayo huketi mjini humo. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, mahakama ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Inachoupimia ni kumbukumbu ya Kiingereza. "Labda" ambayo haikuandikwa siku ile haipo tena popote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi anasema: "Kulikuwa na giza. Huenda alikuwa yeye, lakini uso sikuuona vizuri." Karani aliyechoka anaweza kulifasiri hilo kuwa "It was him, but I did not see the face well." Kila neno zito limefika salama. Kilichoachwa ni "huenda" tu, na "huenda" ndiyo iliyokuwa ushahidi wenyewe. Msomaji anayeifahamu sheria atakumbuka kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953 na ile ya Roria ya mwaka 1967. Kesi zote mbili zinasisitiza kwamba ushahidi wa utambuzi unaomtegemea shahidi mmoja, hasa katika mazingira magumu, upimwe kwa uangalifu mkubwa. Haijulikani utapimwaje iwapo kipimo chenyewe kimeachwa mlangoni.

Mambo haya si mageni Nyeri. Novemba 1956, Dedan Kimathi alihukumiwa katika mji huu huu mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, maneno yakipita kwa wakalimani. Utetezi wake uliegemea jambo lisiloonekana kwa macho: kwamba alikuwa akitoka msituni kwa nia ya kujisalimisha. Kumbukumbu za kesi hiyo, ambazo kwa miaka mingi hazikupatikana, zilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur, na mwanafunzi wa ukalimani atafaidika kwa kuzisoma.

Kitenzi kimoja, kazi nyingi

Kiingereza hukitwika kitenzi kisaidizi kimoja mizigo kadhaa. "May" hubeba ruhusa, kama katika "You may go", na hubeba uwezekano, kama katika "He may go". Kiswahili hakivumilii mchanganyiko huo. Ya kwanza ni "Unaweza kwenda" au "Una ruhusa kwenda". Ya pili ni "Huenda akaenda". Hapa "kuweza" haifai sana, kwa sababu kiini cha "kuweza" katika Kiswahili ni nguvu au nafasi ya kutenda. "Mvua inaweza kunyesha" ni sentensi inayosikika kila siku, nasi hatudai kuwa ni kosa. Hata hivyo, "Huenda mvua ikanyesha" ndiyo inayosema jambo hilo bila kuifanya mvua kuwa kiumbe chenye uwezo.

Katika Kiingereza wakati uliopita hukaa ndani ya kitenzi: "may have gone". Katika Kiswahili "huenda" yenyewe haibadiliki, na wakati hubebwa na kitenzi kinachofuata. Huenda akaja ni jambo la mbele. Huenda amekuja ni jambo lililokwisha kutendeka ila msemaji hajalithibitisha. Huenda alikuja ni la zamani. Mwanafunzi anayeandika "huenda akaja" kwa kila "may" anayokutana nayo, ikiwamo ile ya jana, amemhamisha mtu kutoka tukio la jana hadi la kesho.

"Could" ina mtego mbaya zaidi. Sentensi "The witness could have seen the accused" ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba shahidi alikuwa na nafasi ya kuona lakini hakuona. Ya pili ni kwamba yawezekana aliona. Tukiitegemea orodha tuliyokariri, tutaandika "Shahidi angeweza kumwona mshtakiwa". Katika Kiswahili, "-nge-" huelekea kuashiria kwamba jambo halikuwa, kwa hiyo msikilizaji anaelewa kwamba shahidi hakumwona. Kama maana iliyokusudiwa ni ile ya pili, tumeshageuza ushahidi ukawa kinyume chake. Tulipaswa kuandika "Huenda shahidi alimwona mshtakiwa" au "Yawezekana shahidi alimwona".

Hatari hiyo hujitokeza kwa ukali katika maswali ya wakili. Akiuliza "Could it have been someone else?" na swali likafika kwa shahidi kama "Angeweza kuwa mtu mwingine?", shahidi mwaminifu atashangaa na kujibu "Hapana", maana anadhani anaulizwa kuhusu mambo ambayo hayakuwa. Lakini swali likifika kama "Yawezekana alikuwa mtu mwingine?", shahidi yule yule huenda akajibu "Ndiyo, yawezekana." Kesi ni moja na shahidi ni mmoja, ila jibu si moja.

Kuna na jambo la ukanushi. "He may not come" ni "Huenda asije", iwapo si suala la ruhusa. "Hawezi kuja" ni "He cannot come", dai la hakika kabisa. Tofauti ni mahali pa kukanusha: katika sentensi ya kwanza kinachokanushwa ni kuja, katika ya pili kinachokanushwa ni uwezekano wenyewe. Basi "It may not have been him" ikifasiriwa kuwa "Haiwezi kuwa alikuwa yeye", mtu aliyeshukiwa ameachiliwa kwa kosa la sarufi. Inayofaa ni "Huenda hakuwa yeye".

Tukiwa kwenye ukanushi, tusisahau "ndiyo". Wakili anasema: "Huna hakika, sivyo?" Shahidi anajibu: "Ndiyo." Kwa desturi ya Kiswahili, amekubali kwamba hana hakika. "Yes" ikiandikwa peke yake baada ya swali la Kiingereza lenye ukanushi, msomaji wa Kiingereza ana kila sababu ya kuelewa kwamba anayo. Mkalimani mzuri haandiki "Yes", humaliza sentensi.

Kuhusu "must", tuseme machache tu. "He must go" ni "Lazima aende" au "Hana budi kwenda". Lakini "He must have gone" haizungumzii wajibu. Ni hitimisho la mtu aliyeona mlango umefungwa na taa zimezimwa. "Lazima alienda" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili kina "Bila shaka amekwenda", na kina umbo jingine zuri ambalo vitabu vyetu vya sarufi havilitilii maanani: "Atakuwa amekwenda". Kiambishi hicho cha wakati ujao hakizungumzii kesho hata kidogo. Kinazungumzia kadirio la msemaji kuhusu sasa.

Labda, pengine, huenda, yamkini

Tunafundishwa kwamba maneno haya ni visawe. Ni jamaa, lakini kila mmoja ana nyumba yake.

"Labda" ina historia ya ajabu. Asili yake inayotajwa na wengi ni Kiarabu "la budda", ambayo maana yake ni "hapana budi", yaani jambo lisiloepukika. Neno lililoanza safari likiwa la ulazima limefika kwetu likiwa la shaka, ilhali ndugu yake "budi" katika "sina budi" amebaki na maana ya zamani. Mwanafunzi anayedhani kwamba viwango vya hakika ni mambo yasiyobadilika alizingatie hilo. Isitoshe, "labda" hufanya kazi nyingine isiyo ya uwezekano. "Leo haiwezekani, labda uje kesho" haikisii lolote. Hutoa njia ya pekee iliyobaki. "Perhaps" ya Kiingereza hailengi hapo. "Unless" inakaribia zaidi.

"Pengine" imetokana na mahali: pahali pengine, kisha wakati mwingine, kisha uwezekano. Maana ya wakati ingali hai. "Pengine hulala njaa" yaweza kumaanisha "mara nyingine", na shahidi anayesema "Pengine alikuwa akija usiku" amesema ama kwamba alikuja mara kwa mara ama kwamba hana hakika kama alikuja. Mkalimani asiyeuliza shahidi alikusudia lipi anacheza pata potea. "Huenda" imetokana na mwendo, "yamkini" na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwezekana. Hii ya mwisho ni ya maandishi na hotuba. Hatujapata kuisikia sokoni Karatina, wala hatutarajii.

Nje ya kundi hilo kuna maneno yanayotaja chanzo cha habari badala ya kiwango cha hakika: yasemekana, inadaiwa, inasadikika, inakisiwa. "Inadaiwa" ndilo neno ambalo mwandishi wa habari za mahakama hujikinga nalo. Kuna pia "eti", ambalo halijikingi bali hubeza. Ukifasiri "allegedly" kwa "eti", umeshatoa hukumu kabla ya hakimu.

"Ni kama" ya Mlima Kenya

Sasa tufike mahali ambapo sisi wa maeneo haya tuna jambo la kuchangia. Mzungumzaji wa Kiswahili wa Nyeri au Nanyuki mara nyingi hasemi "huenda" wala "yaelekea". Husema "Ni kama ameenda", "Ni kama mvua itanyesha". Walimu hulipigia mstari mwekundu. Baadhi yao hueleza kwamba ni athari ya lugha ya kwanza, kwa kuwa Gĩkũyũ hulinganisha kwa "ta", yaani "kama". Lakini "ni kama" husikika pia kwa Wakenya wasiojua Gĩkũyũ hata kidogo, kwa hiyo maelezo hayo hayatoshi.

Kwa maoni yetu, mstari huo mwekundu unafuta kitu cha thamani. Linganisha "Huenda ameenda" na "Ni kama ameenda". Ya kwanza yaweza kusemwa na mtu aliye mbali asiye na dalili yoyote, anawaza tu. Ya pili husemwa na mtu aliyeona jambo: kufuli mlangoni, gari halipo, viatu havipo. "Ni kama" inabeba ushahidi ndani yake. Gĩkũyũ nacho kina "hihi", neno la "labda" lisilodai dalili yoyote, na mzungumzaji wa lugha hiyo anajua vyema kwamba kulinganisha na kukisia ni mambo mawili. Kiswahili sanifu kina uwezo uo huo katika "yaonekana" na "yaelekea". Basi mwalimu asiseme tu kwamba "ni kama" ni kosa. Aseme kwamba rejista rasmi yake ni "yaelekea", wala si "labda".

Kizimbani tofauti hii si ya kisarufi tu. Shahidi akisema "Ni kama alikuwa amelewa", tafsiri ya Kiingereza si "He was drunk", wala si "Maybe he was drunk". Ni "He appeared to be drunk". Kwa tafsiri hiyo wakili ana haki ya kuuliza: uliona nini? Alikuwa akiyumba? Alinuka pombe? Tafsiri ya kwanza inaufunga mlango wa swali hilo kwa hakika ya uongo, ya pili inaufunga kwa kumfanya shahidi aonekane mbahatishaji.

Shaka yoyote

Hakuna usemi wa kisheria unaotegemea viwango vya hakika kuliko "beyond reasonable doubt". Magazeti yetu na hata maandishi ya Tanzania huufasiri "bila shaka yoyote" au "pasipo kuacha shaka yoyote". Inasikika vizuri, lakini imezidisha. Lord Denning alieleza mwaka 1947, katika kesi ya Miller, na mahakama zetu hupenda kumrejelea, kwamba kiwango hicho hakimaanishi kuondoa hata kivuli cha shaka. Kiingereza kinakubali kwamba shaka ndogo zisizo na mashiko zibaki. Kiswahili chetu kinazikataa zote. Raia anayesikia redioni kwamba fulani alipatikana na hatia "bila shaka yoyote" anaelezwa jambo ambalo hakimu hakulisema. Tungependekeza "kupita shaka yenye msingi", nasi tuko radhi kusikia pendekezo bora.

Viwango nje ya mahakama

Tatizo hilo la viwango haliko kortini pekee. Jopo la Kimataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi limeyapa maneno ya Kiingereza tarakimu: "likely" ni uwezekano wa asilimia 66 hadi 100, "very likely" ni 90 hadi 100, "virtually certain" ni 99 hadi 100. Kiswahili hakina ngazi kama hiyo iliyokubaliwa. Mtabiri anapoandika "likely", mkulima wa kahawa wa Mukurwe-ini au wa mpunga wa Mwea husikia "inatarajiwa", neno linalokaribia ahadi. Kabla ya vuli ya mwaka 2023 watabiri walizungumzia uwezekano wa mvua kupita wastani kutokana na El Niño. Hadharani mjadala uligeuka kuwa ndiyo au la: itakuja, haitakuja. Mvua ikanyesha, na kufikia mwisho wa mwaka mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya mia moja nchini. Hatusemi kwamba tafsiri iliwaua. Tunasema kwamba "kuna uwezekano mkubwa" si sawa na "inatarajiwa", na kwamba "huenda" ni pungufu ya zote mbili. Anayetangaza kwa Kiswahili anahitaji kuchagua kwa kujua.

Hatimaye tuitazame meza yetu wenyewe. Katika tasnifu za Kiswahili zinazoandikwa nchini, vikiwamo vyuo vilivyo kando ya mlima kama Chuka na Karatina vilivyopata hati mwaka 2013, "The results suggest" hufasiriwa "Matokeo yanapendekeza". Kupendekeza ni kutoa rai ili ifuatwe. Matokeo hayana rai. Yanadokeza au yanaashiria. Kosa la pili ni la kuvuka mipaka: mtafiti aliyehoji wanafunzi 40 katika shule mbili anaandika kwamba utafiti wake "umethibitisha". Msimamizi humwambia apunguze makali, naye anaongeza "labda" mwanzoni mwa sentensi: "Labda utafiti umethibitisha kwamba…" Sasa hatujui tena kama utafiti ulifanyika. Shaka imewekwa mahali pasipo pake. Iliyotakiwa ni "Data ya shule hizi mbili yaelekea kuonyesha kwamba…", ambapo kitenzi chenyewe kinabeba tahadhari, na chanzo chake kimetajwa.